Siku Niliyofuta Ghorofa ya Tatu

Ghorofa ya tatu ya jengo letu la Kileleshwa, Nairobi, ipo. Watu wanaishi humo sasa, wametundika mapazia na kuanika nguo za watoto kwenye roshani. Lakini kuna siku kumi na moja, mwezi Machi wa mwaka juzi, ambapo kwenye vitabu vyetu slabu yake, yaani sakafu yake ya konkriti, haikuwepo kabisa. Juu ya slabu ya pili ilifuata ya nne. Aliyeiondoa ni mimi, kwa kubofya mara mbili, Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, mkoba ukiwa tayari begani.

Naandika kwa ajili ya makarani wenzangu wa mjengo, hasa wale ambao kampuni zao zimeacha daftari juzi juzi na kuhamia kwenye kompyuta. Kufuta kitu kwenye daftari kulikuwa kazi: ukate kwa kalamu, uweke sahihi, na yule anayekuja baada yako bado aweze kusoma ulichokata. Kwenye mfumo kufuta ni rahisi kuliko kuongeza. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Kampuni yetu ni ndogo, daraja la 4 la NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, na ofisi iko Industrial Area juu ya duka la vifaa vya mabomba. Miaka ya kwanza nilifanya kazi na kitabu cha saiti chenye karatasi za kaboni, na hati za kupokelea mizigo zilizofika zikiwa na alama za chai. Kisha bosi akahudhuria mkutano wa wakandarasi, akarudi na mfumo unaolipiwa kila mwezi kwa dola. Sitausema vibaya. Fomeni anapiga picha saiti na mimi naiona ofisini kabla hajarudisha simu mfukoni. Lori la balasti likifika na tani pungufu, siku hizi tunajua siku hiyo hiyo, hatungoji mwisho wa mwezi tuanze kugombana.

Ndani ya mfumo mambo yamepangwa kama ukoo. Juu kabisa kuna mradi, chini yake jengo, chini ya jengo ghorofa, chini ya ghorofa vyumba na maeneo. Picha, orodha za ukaguzi, kasoro za kurekebishwa na matokeo ya vipimo vya konkriti, vyote vimening'inia kwenye eneo fulani la ukoo huo. Mpango huu nilioneshwa siku ya kwanza ya mafunzo, nikatikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilielewa kwamba kila kitu kina mahali pake. Kwamba mahali penyewe pakiondoka vitu vinaondoka napo, hilo halikuniingia.

Sasa, ghorofa ya tatu ilikuwa na majina manne. Tulikuwa na mwanafunzi wa mafunzo kazini aliyesajili "Ghorofa ya 3". Fomeni, kwa simu yake, alisajili "Ghorofa 3". Fundi wa umeme akaongeza "Gorofa ya tatu", bila h, na mtu mwingine ambaye hadi leo hajajitaja akaweka "3". Bosi alipoona orodha ile aliniambia, "Madam, Alhamisi ijayo mshauri anataka ripoti, na hii inaonekana kama kazi ya mtoto wa nasari. Isafishe."

Nikaisafisha. Mbele ya kila jina mfumo unaonyesha idadi ya rekodi zilizomo. "Ghorofa ya 3" ilikuwa na 12. "Ghorofa 3" ilikuwa na 0, "Gorofa ya tatu" 0, na "3" vilevile 0. Nikaona mambo ni wazi: zile tatu ni maganda matupu. Nikaziwekea alama, nikabonyeza kufuta. Dirisha likajitokeza kuuliza kama nataka kufuta maeneo haya pamoja na yote yaliyomo. Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile kama nilisoma maneno hayo. Niliyaona. Kuona na kusoma ni vitu viwili, na ukishabonyeza "ndiyo" mara mia tano kwa mwezi kwenye madirisha ya aina hiyo, jicho linatafuta kitufe tu.

Ile sifuri ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya uongo. Jumatano ya wiki hiyo nilikuwa nimeweka kichujio ili nione kasoro ambazo hazijafungwa, kwa sababu nilikuwa nawasukuma mafundi wa plasta wa ghorofa ya kwanza. Kichujio kile kilibaki. Kwa hiyo sifuri ilimaanisha hakuna jambo lililo wazi ndani ya "Ghorofa 3". Mambo yaliyofungwa yalikuwemo, tena mengi: orodha tatu za ukaguzi, matokeo mawili ya vipimo, na picha 71. Fomeni alikuwa amefanya kazi yake yote ya slabu ndani ya jina lile alilolisajili mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu makini, alikuwa amefunga kila kitu.

Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki: kabla ya kuamini hesabu yoyote kwenye skrini, toa vichujio vyote. Tafuta pia kama kuna mahali pa kuonyesha yaliyofungwa na yale yaliyowekwa ghalani (archive), maana mifumo mingi huyaficha bila kukuambia. Ukishamaliza, ingia ndani ya kile unachotaka kufuta uangalie kwa macho. Usihesabu nyumba kwa kutazama mapaa.

Niligundua Jumanne. Hata si mimi niliyegundua, ni Injinia wa upande wa mshauri aliyenipigia. "Madam, sioni picha za chuma za slabu ya tatu." Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Nikamwambia nitaangalia. Nikaangalia. Tumbo langu likawa baridi.

Kwa msomaji ambaye hajakaa saiti, wacha nieleze kwa nini picha za chuma si kama picha za harusi. Slabu kabla ya kumwagwa ni wavu wa vyuma juu ya mbao. Mkaguzi anapita akipima unene wa chuma, nafasi kati ya chuma na chuma, urefu wa pale vinapopishana, na kama viko juu ya vile vitofali vidogo vya simiti ambavyo mafundi wanaviita biskuti, ili konkriti iweze kuingia chini yake. Akiridhika anasaini. Kesho yake konkriti inamwagwa, na kuanzia hapo hakuna binadamu atakayeviona vyuma vile tena mpaka jengo libomolewe. Kilichobaki ni picha, sahihi, na vile vipande vya mchemraba vya milimita 150 vinavyovunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Konkriti haina kumbukumbu unayoweza kuisoma. Sisi ndio kumbukumbu yake.

Na hii ni Nairobi. Jengo la mtaa wa Huruma liliporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, likaua zaidi ya watu 40, na tangu hapo hakuna injinia mwenye akili atakayekwambia "niliona kwa macho yangu, inatosha". Benki iliyokuwa ikimkopesha mwenye jengo letu ilitaka ushahidi wa kila slabu kabla ya kuachilia pesa za awamu. Bila ghorofa ya tatu, hati ya malipo haikuweza kupita. Bila hati ya malipo, hakuna mshahara.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na kwa maoni yangu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilinyamaza. Siku mbili nzima, Jumanne hadi Alhamisi. Nilimwambia Injinia mtandao unasumbua. Wakati huo mvua ilikuwa inanyesha na stima zinapotea ovyo, kwa hiyo uongo ulipata mahali pa kukaa. Nilijiambia nitarekebisha kimyakimya kisha niseme baadaye, kwa kucheka.

Katika kurekebisha kimyakimya nikaunda eneo jipya na kuliita "Ghorofa 3", jina lile lile, nikidhani labda rekodi zitarudi zenyewe zikiona mahali pake pamerudi. Usicheke. Mtu mwenye hofu anaiamini kompyuta kama anavyomwamini mganga. Ile "Ghorofa 3" mpya ikaja kutugharimu, nitafika hapo.

Nilimwendea fomeni kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa amepiga zile picha. Sote tunamwita Mzee, ingawa hajafika hamsini. Alisikiliza, akanyamaza, akasema, "Madam, slabu ya nne chuma chake ni kile kile, michoro ni ile ile. Kesho tunakagua. Nipige picha mara mbili, nyingine tuziweke tatu. Nani atajua?"

Nitasema ukweli: nililala na wazo hilo usiku mzima, na halikuwa na uchungu wowote mdomoni. Michoro kweli ilikuwa ile ile. Slabu ya tatu ilikuwa nzuri, nilijua hivyo. Kilichoniamsha saa tisa usiku ni swali dogo: na ikiwa kuna kitu kwenye ya tatu ambacho mimi sikijui? Mimi ni karani. Sijui kama ni nzuri. Najua tu kwamba kulikuwa na karatasi inayosema ni nzuri, na karatasi hiyo nimeifuta. Jambo la pili, dogo zaidi lakini la kuogofya vilevile, ni kwamba picha ya simu hubeba tarehe, saa na mara nyingi mahali ilipopigwa, ndani yake, pasipoonekana. Injinia yule angefungua akaona. Hapo ningekuwa nimetoka kwenye kosa nikaingia kwenye uhalifu.

Alhamisi asubuhi nikamwambia bosi. Sitasimulia aliyosema. Yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza swali la maana: "Pipa la taka liko wapi?"

Mfumo wetu una pipa. Kinachofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeangalia pipa langu Jumanne, nikalikuta tupu, nikakata tamaa. Kumbe pipa la mtumiaji wa kawaida huonyesha rekodi mojamoja alizofuta. Ukifuta eneo zima, eneo hilo huingia kwenye pipa la msimamizi wa akaunti, na yaliyomo hayaonekani kwa majina yao. Yamo tumboni mwa eneo. Kwa hiyo ukitafuta "picha za chuma" hutapata kitu. Tafuta kile kilichokuwa juu yake.

Na msimamizi wa akaunti alikuwa nani? Kijana mmoja aliyeacha kazi Desemba, baada ya kutofautiana na bosi. Tulikuwa tumefunga anwani yake ya barua pepe siku aliyoondoka, tukajiona wajanja. Hakuna aliyekumbuka kwamba akaunti kuu ya mfumo ilisajiliwa kwa anwani hiyo. Tukamwomba mtu anayetuhudumia mambo ya barua pepe aifufue, tukaomba nenosiri jipya, na mfumo ukasema umetuma nambari ya siri kwenye simu. Simu ya nani? Ya yule kijana, aliyekuwa Kisumu na kazi nyingine.

Nikampigia mimi, kwa sababu bosi asingeweza. Kijana alinisikiliza vizuri. Akasema nambari ameiona, na atanisomea kwa furaha, ila kuna mshahara wake wa Desemba ambao haujafika, na yeye hajausahau. Bosi alikuwa amesimama karibu nami, anasikia. Dakika kumi baadaye M-Pesa ilikuwa imeenda, na nambari ikasomwa. Sijawahi kuona deni likilipwa haraka vile katika ofisi yetu. Kwa hiyo angalieni leo, kabla ya jioni: akaunti kuu ya mfumo wenu iko kwa jina la nani, na nambari za siri zinaenda kwenye simu ya nani? Wawe wawili, na wote wawe bado wameajiriwa.

Tukafungua pipa. "Ghorofa 3" ilikuwemo, na pembeni yake tarehe iliyoonyesha kwamba imebakiza siku 24. Nikabonyeza kurejesha. Ikakataa. Ujumbe ulisema tu kwamba haiwezekani, bila kutaja sababu.

Tukaandikia watu wa msaada, ambao wako Marekani, nyuma yetu kwa saa 7 hadi 10 kwa majira yale, tegemea ni mji gani. Ukiwaandikia asubuhi ya Nairobi wamelala. Wakijibu, wewe umelala. Kila swali ni siku moja, na Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Jibu la maana lilifika usiku wa Jumatatu: mfumo haukubali maeneo mawili yenye jina moja chini ya jengo moja, na tayari kuna "Ghorofa 3". Ile yangu. Niliyoiunda kwa imani ya mganga. Jumanne asubuhi nikabadilisha jina lake, nikabonyeza kurejesha, na picha 71 zikajipanga kwenye skrini kama ng'ombe wanaorudi zizini. Nililia kidogo, nikisingizia vumbi.

Si kila kitu kilirudi salama. Picha nane zilirudi lakini zikiwa zimeachana na orodha yao ya ukaguzi, ikabidi nizilinganishe kwa saa zilizopigwa. Majina ya waliopewa kazi yalipotea kwenye orodha za ukaguzi. Na huku nyuma gharama zilikuwa zimekimbia. Injinia, ambaye hatimaye nilimwambia ukweli siku ile ile ya Alhamisi, alikuwa ameomba slabu ipimwe sehemu mbili kwa ile mashine inayotambua chuma ndani ya konkriti kwa nguvu ya sumaku. Inaonyesha vyuma vilipo na kina chake, na inakisia unene, ingawa vikiwa vimerundikana inachanganyikiwa. Tulilipa shilingi 38,000 kwa nusu siku. Malipo ya awamu yakachelewa karibu wiki tatu. Vibarua wetu hulipwa Jumamosi, na kibarua huwezi kumweleza habari za seva. Bosi akakopa kwa shemeji yake ili Jumamosi mbili zipite. Mimi sikukatwa mshahara. Pengine ingekuwa nafuu kukatwa, kuliko kumwona bosi akimpigia shemeji.

Kumbe hata simu ya Mzee ilikuwa na picha zote muda wote, za asili, na tarehe zake ndani. Hatukufikiria kuangalia, kwa sababu yeye alikuwa akitupostia kwenye kundi letu la WhatsApp na sote tukazikimbilia zile. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kuvuliwa zile taarifa za ndani, na Injinia alizikataa pale pale. Za asili kwenye simu angezikubali. Tangu hapo mafundi wote wamekatazwa kusafisha simu zao mpaka mwisho wa mwezi, na tumewanunulia kadi za kuongeza nafasi. Hii ni bima ya bei rahisi kuliko zote nizijuazo.

Siku hizi sifuti moja kwa moja. Kitu ninachotaka kiondoke kwanza nakibadilisha jina, naweka herufi ZZ mbele na tarehe. Kinazama chini kabisa ya orodha, kila mtu anakiona, na tunakaa nacho wiki mbili. Kama kuna mtu anakitumia atapiga kelele. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, fundi wa mabomba alipiga simu ndani ya saa moja. Kama mfumo una njia ya kuweka ghalani badala ya kufuta, wiki mbili zikipita naweka ghalani, na mara nyingi safari inaishia hapo. Nafasi ya seva haijawahi kutugharimu kama ile Ijumaa.

Kama ni majina yaliyojirudia, mfano msambazaji mmoja wa mchanga aliyesajiliwa mara tatu, nahamisha kwanza vilivyo chini yake kwenda kwenye jina litakalobaki, kimoja kimoja ikibidi. Ganda likishakuwa tupu kweli kweli, ndipo naligusa. Mifumo mingine ina kitufe cha kuunganisha majina mawili. Kijaribu kwenye mradi wa kuchezea kwanza, maana wakati mwingine hakirudi nyuma.

Nakala nachukua kila mara, lakini nakala nayo ina mtego wake. Ukipakua orodha kwenda Excel utapata majina ya picha. Picha zenyewe hazimo. Niliwahi kuwa na faili safi yenye mistari 300 na nikajiona niko salama, mpaka nilipoifungua nikakuta maneno matupu. Picha zipakue kando, kisha fungua tatu nne uone kama zinafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tetesi.

Kuna la simu ambalo linasahaulika. Mtu akiwa saiti bila bando, kazi yake inakaa ndani ya simu ikisubiri mtandao. Ukifuta eneo wakati huo, simu hiyo ikifika mtandaoni inaweza kukuletea mzimu: rekodi zisizo na mahali, au eneo lililofufuka nusu. Kabla ya kufuta natuma ujumbe kila mtu apeleke kazi yake, nangoja majibu, na aliye kimya nampigia. Na wala sifuti Ijumaa. Jumanne asubuhi, baada ya chai, mwenzangu wa akaunti amekaa kando yangu akinisomea jina la kitu kwa sauti. Anaudhika, lakini anasoma.

Mambo ya pesa ni dunia nyingine. LPO (hati za kuagiza mizigo), ankara na risiti sifuti hata zikiwa na makosa. Nabatilisha, naandika sababu, naacha nambari yake ikae pale. Nambari ikiruka kutoka 118 hadi 120, mkaguzi hatauliza habari za 120. Kwa ankara iliyokwisha ingia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, kuifuta kwenye mfumo wetu hakubadilishi lolote kule KRA. Tunatoa hati ya kurekebisha. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5, na kesi ya mkataba inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Mimi nahesabu sita na kuongeza mmoja wa hofu.

Ila nisieleweke kwamba nasema kila kitu kitunzwe milele. Tulikuwa na picha za vitambulisho vya vibarua, pande zote mbili, wakiwemo watu waliofanya kazi siku mbili na kuondoka, na kila fundi mwenye simu angeweza kuziona. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haituruhusu kuweka vitu hivyo bila sababu, na mtu ana haki ya kuomba taarifa zake zisizohitajika ziondolewe. Kibarua mmoja aliomba. Hapo kufuta kwenye mfumo hakukutosha. Kitambulisho chake kilikuwa pia kwenye pipa, kwenye nakala zangu za Excel, na kwenye lile kundi la WhatsApp. Ilinichukua asubuhi nzima kumfuta mtu mmoja vizuri. Rekodi za malipo yake na siku alizofanya kazi tulimweleza kwamba zinabaki, kwa sababu za kodi na za ajira, naye akaelewa. Alichokuwa anaogopa ni mtu kukopa kwa jina lake kwenye simu.

Kitufe cha kufuta sasa sina. Niliomba mwenyewe kiondolewe kwenye akaunti yangu ya kila siku. Kuna akaunti ya pili, yenye nenosiri lililofungwa kwenye bahasha droo ya bosi, na nikiitaka lazima niombe bahasha. Kile kitendo cha kusimama, kutembea hatua ishirini na kusema kwa mdomo "nataka kufuta kitu" kimeniokoa mara mbili. Nilifika mlangoni nikarudi.

Jana Mzee kanipigia kutoka saiti ya Ruaka. "Madam, nimeandika ripoti ya jana vibaya, nimeweka mifuko 80 ya simiti na ni 60. Ifute basi niandike nyingine." Nikamwambia aiache, aongeze ya kusahihisha chini yake. Akaguna. Kisha akauliza kama ile "ZZ Choo cha muda" bado ipo kwenye orodha, maana hicho choo wanakitumia.